Saa Kumi na Nane

Msambweni, Jumamosi, baada ya Isha

Riziki mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Uko chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, na nakusikia ukikunja nguo, ukizikunjua, ukizikunja tena. Hii ni mara ya tatu. Hali yangu mimi ndiyo usiyoijua, na hiyo ndiyo nitakayokueleza.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara nne, hata mafuta ya nazi yafungwe kwa mfuko upi. Shughuli hiyo ni yake. Mimi nina jambo moja ambalo nimekaa nalo miaka mitatu, na kila nilipotaka kulitoa nilijikuta nazungumza habari ya mvua.

Jambo lenyewe ni ule mwezi wa Idi. Wajua upi. Katika nyumba hii hakuna mwezi mwingine unaoitwa "ule".

Keshokutwa ukifika chuoni utapewa fomu uchague masomo mawili utakayofunzwa kuyafundisha. Umeshaniambia utaandika Kiswahili na Dini. Juzi nilikuuliza kwa nini usiandike Hisabati, wewe ambaye mwalimu wako alikuja mpaka dukani kwangu kukusifu, nami nikamtengenezea saa yake bure kwa furaha. Ulicheka, ukasema, "Baba, mimi na hesabu tuliachana ule mwezi." Ulisema kwa mzaha. Mimi nilirudisha jicho kwenye saa iliyokuwa mkononi, na skrubu ikanitoka vidoleni ikapotelea sakafuni. Sikuitafuta. Nilikaa tu pale mpaka adhana ya Alasiri.

Kwa hiyo nakuandikia kabla hujaijaza fomu hiyo. Nataka uijaze ukijua ukweli, kisha uandike utakacho, hata ukiandika upishi.

Sasa nianze mbali kidogo, uniwie radhi. Mtu mwenye kosa hupenda kuzunguka nyumba kabla ya kupiga hodi.

Baba yako ni fundi saa, na ni mtu wa kujisifu. Ukweli huo hata sokoni wanaujua. Nilijisifu kwamba kutoka Likoni mpaka Lungalunga hakuna saa ya kutia ufunguo iliyonishinda. Hizi za plastiki zenye tarakimu zinazowaka sikuzigusa. Nilizitukana mbele ya wenyewe, nikawaambia hiyo si saa, hicho ni kikokotoo kimefungwa mkanda. Yule Mjerumani mzee aliyekuwa amepanga nyumba kule Diani alinipenda kwa maneno hayo hayo. Saa yake ya mfukoni, ya marehemu baba yake, nilikaa nayo wiki mbili mpaka ikaenda. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja aliniletea darubini yake, kompyuta yake kuukuu na diski moja. Akasema kwao mawingu ni mengi na macho yake yamekwisha, na vitu hivi vinataka mtu mwenye mkono mtulivu.

Wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Unakumbuka tulivyoiwasha ile mashine mara ya kwanza? Iliguna, ikatafuna, tukadhani imekufa, kisha mwezi ukajitokeza kwenye kioo, mzima, na kila shimo lake. Diski ile ilikuwa atlasi ya mwezi. Unaiandikia tarehe, saa na mahali ulipo, nayo inakuchorea mwezi kama utakavyokuwa saa ile juu ya kichwa chako, kivuli kimefika wapi na kipi kimetoka gizani. Ukigusa shimo kwa ule mshale mdogo, inakutajia jina lake na upana wake.

Mimi wiki nzima niliitukana. Nilitazama kwenye kioo, nikatoka uani kwa darubini, nikatafuta lile shimo kubwa la chini lenye miale, nisilione. Nikasema Mjerumani kaniachia takataka. Wewe ndiye uliyegundua, tena ukiwa umebeba ndoo ya maji kichwani. "Baba, darubini inapindua. Cha chini kiko juu." Ukaingia ndani, ukatafuta mahali pa kuamrisha, ukaugeuza mwezi wote kichwa chini miguu juu, na vikalingana. Ukaweka pia kwamba sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa kuwa mashine ilikuwa inafuata saa ya Ulaya, ile wanayohesabia nyota. Sikujua hata kwamba inafaa kuulizwa. Nilikuona ukiinama pale, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo, nikajiambia huyu mtoto ana kichwa kuliko mimi. Ningekwambia siku ile. Badala yake nikakwambia usimwage maji karibu na waya.

Tulikuwa na miaka miwili mizuri. Hatukuwa na mashine ya kuchapa, kwa hiyo ulinakili ramani kwa penseli kwenye daftari, na majina ya kizungu ulipochoka nayo uliyapa yako. Kuna shimo uliloliita Kinu, na lingine Sinia. Bahari ya Utulivu, lile baka kubwa jeusi, uliiita Shimoni, kwa kuwa ndiko shangazi yako alikoolewa. Hata leo nikitazama siwezi kuyaita kwa majina mengine.

Nyanya yako hakutazama hata mara moja. Mamangu hakuwa mtu wa kuchungulia vitu. Tulimwekea kigoda, tukamsihi, akasema, "Mwezi nimeuona tangu sijaota meno, siendi kuupigia hodi." Na kweli macho yake yalisifika. Wageni hufikiri sisi watu wa pwani hutafuta mwezi mwandamo baharini. Mwezi mchanga uko upande wa bara jua linakozama, kwa hiyo sisi huipa bahari mgongo. Nyanya yako alisimama pale kisimani, akatazama kwenye ule mwanya wa minazi, akiushika utosi wake kwa mkono mmoja. Akiuona alisema maneno mawili tu, "Ule pale," kisha akaendelea kuteka maji. Tangu nikiwa mdogo watu wa mtaa wetu walifunga na kufungua kwa maneno mawili hayo. Hata Ustadh Hamisi, imamu wetu, alikuwa akituma mtu aulize, "Bi Mwanasha asemaje?" kabla hajawasha redio.

Basi ikaja ile Ramadhani. Jioni ya siku ya ishirini na tisa.

Wewe uliiwasha mashine mapema, ukaweka tarehe, ukaweka saa. Kisha mama yako akakuita jikoni ukageuze sambusa. Mimi nikaja kukaa. Jua lilikuwa linatua, Ustadh na wazee watatu walikuwa wamekwisha kufika barazani, na nilikuwa nimewatangazia wiki nzima kwamba mwaka huu hakuna kubahatisha, mwaka huu kuna elimu. Nikatazama kwenye kile kisanduku cha saa, nikakuta umeandika kumi na nane na nusu.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka peke yangu. Saa kumi na nane iko wapi duniani? Mswahili gani amewahi kuamka saa kumi na nane? Nikasema mtoto ana haraka ya sambusa. Ilikuwa saa kumi na mbili u nusu ya jioni, kila mtu alijua ni saa kumi na mbili u nusu, hata kuku. Nikaifuta nane yako nikaweka mbili.

Miaka thelathini nimekuwa nikitazama mshale uko kwenye sita na mdomo unasema kumi na mbili. Kazi hiyo ya kubadilisha naifanya hata usingizini. Lakini pale hapakuwa na mshale, palikuwa na kisanduku kitupu na vidole vyangu, na vidole vikaandika kilichokuwa mdomoni. Kumi na mbili na nusu ya mashine ile ni saa sita u nusu ya adhuhuri. Niliiuliza mwezi wa adhuhuri, nayo ikanijibu mwezi wa adhuhuri, mchanga kwa saa sita kamili kuliko ule uliokuwa juu ya minazi. Mashine haikunidanganya. Hilo ulishike, maana najua umeichukia pia.

Nikasoma umri wa mwezi pale chini. Katika kile kijitabu cha Mjerumani kulikuwa na kipimo, kwamba ukiwa mchanga chini ya hapo jicho tupu haliuoni. Na ulikuwa chini ya hapo. Nikatoka barazani nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Leo haiwezekani. Kesho tunafunga." Darubini ilikuwa uani imefunikwa kanga. Sikuifunua. Kulikuwa na mbingu safi mbele ya macho yangu na mimi nilikuwa nimeshamaliza kuitazama kwenye kioo.

Hapo ndipo nyanya yako alipokuja kutoka kisimani na ndoo yake. Akasema, "Ule pale." Wazee wakainuka. Walipofika kwenye mwanya wingu dogo lilikuwa limeshapita mbele, au mnazi ulishauficha, sijui. Hawakuona kitu. Ustadh akamwuliza kwa adabu, "Bi Mwanasha, una yakini?" Akasema, "Nimeuona, mwanangu." Wakageuka wote kunitazama mimi.

Wewe ulikuwa jikoni, hukuyasikia niliyoyasema. Nilisema, "Mama, jicho lako la kushoto lina ukungu, na la kulia limechoka. Umeona jani la mnazi." Na mzee mmoja akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka, na mimi nikaongeza cheko langu juu yake. Mamangu alinitazama kitambo. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akaitua ndoo chini polepole, akaingia ndani.

Kesho yake mtaa mzima ulifunga. Nyanya yako hakufunga, kwa kuwa alikuwa ameuona mwezi kwa macho yake na siku ya Idi haifungwi. Alifanya kama dini inavyosema, alikula kwa siri, nyuma ya jiko: tende moja na maji. Mtoto wa jirani akamwona. Kufikia adhuhuri ilikuwa imefika sokoni kwamba Bi Mwanasha anakula mchana wa Ramadhani. Mtu mmoja alinijia dukani kuniambia kwa sauti ya huruma. Nikasema, "Ni uzee tu." Maneno matatu hayo niliyasema bila kuinua kichwa.

Jioni ile mwezi ulitoka juu, mnene, haukuhitaji mtu wa kuonyesha. Watu hawakushangilia kama kawaida. Niliingia ndani, nikaiwasha mashine. Ilichukua ule muda wake, mimi nimesimama. Na kile kisanduku kilikuwa bado na maandishi yangu, kumi na mbili na nusu. Nikaandika kumi na nane. Umri ukaruka ukavuka kile kipimo. Mwezi ule ulikuwa unaonekana, na mamangu alikuwa ameuona.

Nilikaa na ukweli huo muda wa kunywa kikombe cha chai tu. Kisha hodi. Ustadh na wale wale wazee, na nyuma yao vijana kadhaa. Mzee mmoja akasema, "Fundi, huu ni mwezi wa siku mbili. Umetufungisha siku ya Idi." Hakupiga kelele. Nikaona saa zote zilizo kwenye droo za duka langu zikirudi kwa wenyewe. Nani atampa saa mtu asiyejua saa ngapi?

Wakati ule ule ukatokea wewe mlangoni na sinia la vikombe vya kahawa. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Mtoto huyu ndiye aliyeweka saa. Alikosea zile saa tatu za Ulaya." Uongo ulikuwa umekamilika kabla sijajua kwamba nautunga. Nilijua uliweka zile saa tatu kwa mkono wako miaka miwili nyuma, na kwamba mtu hukumbuka vibaya jambo la zamani. Nilijua utatilia shaka kichwa chako kabla ya kunitilia shaka mimi.

Ukawatazama wao, ukanitazama mimi. Ukasema, "Samahanini." Vikombe viligongana kwenye sinia lakini hukuangusha hata kimoja. Nakumbuka ulikuwa na unga kwenye kiwiko.

Usiku ule ulitaka kuangalia kwenye mashine umekosea wapi. Nikakwambia diski haisomi tena, imekwaruzwa. Ilikuwa haina mkwaruzo. Niliikwaruza mimi ulipokwenda kulala, kwa ile bisibisi ndogo ninayofungulia saa za wanawake. Mistari minne. Mkono wangu haukutetemeka. Hayo ndiyo yanayonitisha mpaka leo, kwamba mkono haukutetemeka.

Tangu hapo nimekutazama ukihesabu. Vibaba vya mchele mara tatu. Saa ya kuamkia unaishika, unaiweka, unarudi kuishika. Kidato cha tatu uliacha Fizikia, nikasema kwa mama yako kwamba wasichana hubadilika. Kila ulipoleta karatasi ya mtihani ulisema, "Baba, nitazamie, pengine nimejumlisha vibaya," na kila mara ilikuwa sawa, nami nilikwambia ni sawa kwa sauti ya mtu anayekupa sadaka. Mimi ndiye niliyekuvunjia chombo kisha nikawa nakusifu kwa kunywea mikononi.

Na nyanya yako. Wewe ulikwenda kumwomba radhi siku ya pili, peke yako, hakuna aliyekutuma. Aliniambia. Nilikuwa navaa viatu niende dukani, yeye amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Akasema, "Mtoto amekuja kuniomba radhi. Nimempa." Nikasema vizuri. Akasema, "Sasa namngoja mwenyewe." Nikamwuliza mwenyewe nani, Mama. Akasema, "Mwenye kosa," na akaendelea na mchicha wake.

Alijua. Sijui alijuaje, hakuwa anajua hata kusoma. Labda alinijua mimi tu.

Nilifunga kamba za viatu nikaenda kazini. Nikasema jioni. Jioni kulikuwa na wageni. Nikasema Ijumaa. Na watu walipokuja kumwuliza mwezi wa Mfunguo Mosi, ulioanza na Idi ile, umeishaje, na mwezi uliofuata, aliwajibu, "Ulizeni mashine." Hakusimama tena kisimani wakati wa Magharibi. Aliteka maji yake mchana.

Alipougua, ilikuwa upesi, unakumbuka. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imekwenda lakini macho yalikuwa wazi, na alinishika kidole gumba. Chumba kilijaa watu. Nilikuwa na sikio lake pale, karibu kama karatasi hii ilivyo na mkono wangu. Nilimsomea shahada, kwa kuwa hilo ni haki yake na watu walikuwa wanasikiliza. Lile jingine nikasema nitamwambia wakitoka. Hawakutoka, akatoka yeye.

Nakwambia haya bila kupamba. Tangu mazishi, kila jioni ya ishirini na tisa nikisimama uani na darubini, nimefunga jicho moja na jingine liko kwenye kioo, najua kuna mtu nyuma yangu. Hasemi. Hagusi. Anangoja zamu yake ya kutazama. Mara ya kwanza nilidhani ni wewe, nikasogea kando nikupishe, na hapakuwa na mtu. Tangu hapo nasogea kila mara. Siwezi kujizuia. Mwaka jana uliniona, ukaniuliza, "Baba, unampisha nani?" Nikasema mbu.

Wazee wetu wa Kidigo wangesema ni koma, kwamba aliyekufa na neno lake hulirudia. Wangeniambia nitoe sadaka. Nimetoa. Nimechinja mbuzi, nimesomesha khitma mbili, na mama yako akaniona mcha Mungu. Mwezi uliofuata alikuwa pale pale nyuma yangu. Hakuwa anataka mbuzi.

Na ndotoni namwona amenipa mgongo, anatazama bara, mkono utosini. Namwita. Hageuki. Ananisikia, lakini anangoja neno jingine, si jina lake.

Mama yako hajui. Nimemdanganya naye, kwa kunyamaza, na nitamwambia kesho ukishaondoka stendi, maana atalia na sitaki alie mbele ya watu wa basi.

Sikuambii usikosee. Utakosea, na mengine yatakuwa makubwa kuliko tarakimu moja. Ninachojua ni kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Aibu yake ningeimeza jioni ile ile na kahawa, wazee wangenitania mwaka mmoja, wangeniita Fundi Saa Kumi na Nane, na mamangu angecheka kuliko wote. Badala yake nimelilea. Nimelilisha mamangu, nimelilisha masomo yako, na bado lina njaa.

Leo baada ya Alasiri nilikwenda kwa Ustadh Hamisi, nikamweleza yote. Alisikiliza akivuta tasbihi. Nikamwomba anisamehe kwa niaba ya watu. Akasema, "Watu walifunga kwa kukuamini, na Mungu anazijua nia zao. Ijumaa nitakuachia nafasi useme mwenyewe." Nikasema nitasema. Kisha akaniuliza, "Yule binti umemwambia?" Nikasema anasafiri asubuhi. Akasema, "Basi una usiku mzima," akainuka kwenda kutawadha.

Kwa hiyo uijue hesabu yako, Riziki. Uliweka saa sawasawa. Zile saa tatu uliziweka sawasawa. Tangu siku ile hadi leo, kila ulichojumlisha mbele yangu kilikuwa sawasawa, na aliyekufanya usikiamini alikijua. Ukiandika Kiswahili na Dini, andika kwa kuwa unavipenda. Usiandike kwa sababu ya ule mwezi.

Msamaha siuombi kwa maandishi. Nyanya yako alitaka mtu aje kwa miguu yake.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umefika bara, siku mbili mbali nami. Nimeona sasa kwamba huo ungekuwa ujanja wangu ule ule wa zamani, kusema mtu akishatoka. Sitaitia sandukuni. Alfajiri, kabla ya chai, kabla mama yako hajaamka, nitakuja kubisha mlango wako, nitakupa mkononi, nami nitakaa mpaka uimalize.

Ukifika mstari huu, inua macho. Niko mbele yako. Sema nami.

Baba yako